Fundi Saa na Ubongo wa Kupe

Mtaa mzima ulimwita Fundi Saa, hata wale ambao mikono yao haikuwahi kuvaa saa. Kibanda chake kilibanwa kati ya kinyozi na duka la viatu, kidogo kiasi kwamba mteja mmoja akiingia, wa pili alilazimika kusubiri barabarani. Lakini ndani! Ndani palikuwa safi kuliko chumba cha upasuaji. Meza ilikuwa na kingo zilizoinuliwa ili skrubu zisidondoke. Taa ilikuwa na shingo ndefu ya kupinda. Na kila mashine ya saa iliyofunguliwa ilifunikwa kwa kibakuli cha kioo, utadhani ni kifaranga kinachofichwa mwewe asikione.

Adui yake mkubwa alikuwa vumbi. Akiona unywele mmoja tu umelala kati ya magurudumu ya saa, alikunja uso kama mtu aliyekuta nzi ndani ya chai. Aliubana kwa kibano, akauinua kwenye mwanga na kumwonyesha mwenye saa. "Mhalifu wako huyu hapa," alisema, halafu akaupuliza nje ya mlango.

Na kujisifu alijua, hilo halifichiki. "Mkono wangu ukitetemeka," aliwaambia wateja, "kimbieni nje, hilo ni tetemeko la ardhi."

Shida ilikuwa hao wateja wenyewe. Siku hizi mtu akitaka kujua saa anatoa simu mfukoni. Fundi alikuwa na vidole vya ajabu na kazi ya kubadilisha betri. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliuza makava ya simu kwenye meza ng'ambo ya barabara, na hakumwacha apumue.

"Shemeji, njoo nikukatie nusu ya meza," alimwambia kila asubuhi. "Uuze chaja na mimi niuze makava. Saa hizo zimeshakwenda kwa babu zetu."

"Kuuza kava kunahitaji mikono miwili," Fundi alimjibu bila kuinua kichwa. "Mimi nina vidole kumi, na vyote vina kazi."

Alisema hivyo, ila moyoni alijua kwamba vidole vinane kati ya hivyo vilikuwa likizo.

Siku moja akaingia mwanamke mrefu aliyevaa buti za mpira, ananukia dawa ya kuogeshea ng'ombe. Saa yake ilikuwa imeingia maji. Fundi akaifungua papo hapo, akavaa lenzi yake jichoni, akaanza kuinua ule utepe wa chuma unaojizungusha ndani ya saa, mwembamba kuliko unywele, ambao ukipinda kidogo tu saa nzima imekwisha. Aliuinua kama mtu anayeokota povu. Alipoangalia juu aliona kwamba mwanamke yule haitazami saa kabisa. Anatazama vidole.

"Fundi," mwanamke akasema, "unaweza kumfungua kupe?"

"Kupe? Huyu kupe wa ng'ombe?"

"Huyohuyo."

Fundi akavua lenzi, akafikiri kidogo kama anavyofikiria kazi yoyote inayoletwa mezani pake. "Ana tatizo gani?"

Mwanamke alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Hakuwa na kichaa, alieleza akijifuta machozi. Alikuwa daktari wa mifugo, mtafiti katika kituo kile kikubwa chenye mazizi, nje kidogo ya mji. Alitafuta mtu wa kumtolea ubongo wa kupe ukiwa mzima, bila kuuchana. Alishajaribu watu wengi. Mikono yao ilikuwa mizuri kwa ng'ombe.

"Kupe ana ubongo?" Fundi aliuliza.

"Anao. Mdogo kuliko kichwa cha pini."

Mwenzangu, hapo ndipo Fundi alipokamatwa. Mtu mwingine angesikia "kupe" akatema mate chini. Yeye alisikia "mdogo kuliko kichwa cha pini", akahisi vidole vyake vikiamka kimoja baada ya kingine.

Nyumbani mke wake, msusi ambaye ulimi wake ulikuwa mwepesi kama mikono yake, alisikiliza habari nzima bila kuacha kusuka kichwa cha jirani.

"Kwa hiyo baba watoto sasa ni daktari wa kupe."

"Fundi," alimsahihisha. "Wananijaribu duru moja. Daktari ameniombea kiti kwa wakubwa wake. Nikitoa ubongo ukaonekana vizuri kwenye hadubini, kiti ni changu. Nisipoweza, kiti kinaondolewa."

"Na kibanda?"

"Nimefunga."

Mke akaacha kusuka. Jirani naye akageuza kichwa, misuko ikining'inia upande mmoja. Kufunga kibanda lilikuwa jambo zito. Shemeji, ambaye alikuwa amekuja kula kama kawaida yake, alipasuka kwa kicheko. "Shemeji wangu! Umeacha saa za waheshimiwa unakwenda kupasua wadudu! Haya, usijali, ukirudi nusu ya meza yangu iko palepale."

"Ifute vumbi," Fundi akasema, "halafu uitumie mwenyewe."

Alisema kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Lakini mke wake alimjua. Alimtazama mara moja tu, akarudi kwenye kichwa cha jirani. "Basi usinirudie na hadithi," akasema. "Rudi na kazi."

Chumba alichopewa kule kituoni kilikuwa kirefu na chembamba, madirisha upande mmoja, rafu za chupa upande wa pili. Kulikuwa na jokofu lililonguruma, mashine ya kukatia yenye gurudumu la kuzungusha kwa mkono, na kiti chake mbele ya hadubini yenye macho mawili. Mwisho wa chumba alikaa mama mmoja wa makamo ambaye kucha zake zote zilikuwa za zambarau. Yeye ndiye aliyepaka rangi vipande vya ubongo, na kituo kizima kilimwita Bi Zambarau.

"Usinishangae, kaka," alimwambia Fundi walipopeana mikono. "Mume wangu alidhani nimeanza ujana upya. Ni rangi ya kazi, haitoki hata kwa sabuni ya kufulia."

Daktari ndiye aliyeeleza kazi yote ilikuwa ya nini. Alivuta kiti, akakaa kama mtu anayesimulia kisa cha ndugu yake.

"Neva za kawaida zinapitisha ujumbe kama waya unavyopitisha umeme. Lakini ndani ya ubongo wa kupe kuna seli chache za namna yake. Ni neva, na wakati huohuo ni tezi. Zinapika homoni zake zenyewe, zinazisafirisha ndani ya mikia yake mirefu, halafu zinazimwaga kwenye damu ya kupe. Kutoka hapo mwili mzima unapata amri. Jivue ngozi. Acha kunyonya. Tengeneza mayai."

Fundi alikuwa ameacha mdomo wazi. "Kwa hiyo ndiyo saa yake."

"Unaweza kusema hivyo. Ila haina mishale. Ili tuisome, inabidi tuone seli zipi zimejaa homoni na zipi zimekwisha kumwaga, kwa kupe mwenye njaa na kwa kupe aliyeshiba."

"Tukishajua?"

"Tukishajua, tumejua. Dawa za kuogeshea ng'ombe kupe wanazizoea, Fundi, haziwaui tena. Pengine siku moja mtu atapata njia ya kuzivuruga hizo amri. Lakini kwanza lazima zionekane."

Fundi alirudi kwenye kiti chake akiwa na kichwa kilichojaa. Kupe! Kile kitu ambacho tangu utoto alikuwa akikibandua kwenye sikio la mbwa na kukiponda kwa jiwe bila kuwaza, kumbe ndani yake mlikuwa na ofisi nzima, yenye matarishi wanaoandika barua, kuzibeba na kuzifikisha wenyewe.

Akaanza na kazi. Kupe alishikizwa tumbo chini kwenye kisahani chenye nta, akafunikwa na maji ya chumvi. Fundi alimkata pembezoni mwa mgongo kwa wembe uliovunjwa mdogo kabisa, akainua gamba la juu kama anavyoinua mfuniko wa saa. Chini yake utumbo mweusi ulijikunja huku na huku, na juu ya utumbo kulikuwa na mirija ya hewa inayong'aa kama nyuzi za fedha. Aliisogeza, akaikata. Na pale mbele, katikati ya miguu, akauona. Kidonge cheupe, na neva zikitoka kwake kwenda kila mguu, utadhani mtoto amechora jua.

"Wewe," Fundi alinong'ona. "Wewe ndiye unayewasumbua watu hivi?"

Mkono haukutetemeka. Alikata neva moja moja, akakiinua kidonge na kukiweka juu ya kioo. Bi Zambarau alisimama nyuma yake, akapiga makofi mepesi. "Sijawahi kuona mtu anautoa haraka hivi."

Sasa sikiliza. Kidonge kile kilikuwa na uzi. Uzi mwembamba, laini, ulioingilia mbele na kutokea nyuma, ukichungulia pande zote mbili kama utambi. Fundi aliutazama, na uso wake ukajikunja wenyewe. Miaka yote ile ya kazi, hakuwahi hata siku moja kurudisha mashine kwa mwenyewe ikiwa na unywele katikati. Akaubana ule uzi kwa kibano, akauvuta taratibu, ukatoka wote. Kidonge kikabaki safi kabisa. Akakitumbukiza kwenye dawa ya manjano ya kukihifadhi kisioze, akavuta kupe mwingine.

Alifanya hivyo kwa kupe wote wenye njaa aliopewa, na kwa sehemu kubwa ya walioshiba, akianza na wale wasiovimba sana. Kila mmoja alimtoa uzi. Jioni alitembea kwenda nyumbani akipiga mluzi.

Kutoka kwenye dawa ya manjano, bongo zile zilipita kwenye spiriti, zikaingizwa kwenye nta ya moto, nta ikaganda. Bi Zambarau alizikata kwenye mashine ya gurudumu. Kila mzunguko ulitoa kipande chembamba kiasi cha kupitisha mwanga, na vipande vilishikana kwa mpangilio kama utepe, vikaelea juu ya maji ya uvuguvugu. Rangi yake ya zambarau alikuwa ameitengeneza mapema, akaiacha ikae.

"Rangi hii haipendi haraka," alimweleza Fundi. "Ukiitumia haijaiva, inakuaibisha. Ikipitiliza, inakuaibisha vilevile. Mimi na yeye tumeshagombana sana, sasa tunaelewana."

Siku ya kutazama, Daktari alikaa kwenye hadubini, Fundi akasimama kando, mikono mgongoni kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Daktari akazungusha gurudumu dogo la hadubini. Akazungusha tena. Akabadilisha kioo. Akabadilisha kingine. 

"Fundi," akasema mwishowe, "mrija uko wapi?"

"Mrija gani, Daktari?"

"Kuna mrija unapita katikati ya ubongo."

"Aa, ule uzi!" Fundi akatabasamu kwa fahari. "Usiwe na wasiwasi. Niliutoa. Nimeutoa kwa wote, nimewasafisha mmoja mmoja."

Bi Zambarau akakohoa, akageukia ukuta.

Daktari hakufoka. Pengine ingekuwa afadhali angefoka. Alisogea na kumpisha. "Njoo uone."

Fundi akaweka macho. Aliona duara la rangi, pembezoni seli zimepangana kama mawe ya ukuta, na katikati, mahali ambapo pangekuwa na mpangilio, palikuwa na shimo lililochanika, kama mkate uliochomolewa kiini kwa vidole. Kioo cha pili kilikuwa vilevile. Cha tatu vilevile.

"Ule uzi ni koo lake," Daktari akasema. "Damu anayonyonya inapita mlemle, inatoboa ubongo na kwenda tumboni."

Fundi akainua kichwa. "Chakula kinapita katikati ya akili?"

"Katikati kabisa. Ndivyo alivyoumbwa. Na huko nyuma, juu ya koo hilohilo, ndiko kulikokuwa na sehemu ambayo zile seli zinamwagia homoni. Ulipovuta koo, uliondoka nayo."

Fundi Saa alitazama vidole vyake. Saa aliijua, ndiyo maana alijua kipi ndani yake ni uchafu. Kupe hakumjua hata kidogo, na bado alijipa ruhusa ya kuamua. Lilikuwa kosa la fundi saa tupu. Mtu mwenye mikono ya kawaida asingeweza kuutoa ule uzi hata angetaka.

"Wamebaki wangapi?" akauliza.

"Wenye njaa tunao tele. Walioshiba," Daktari akainua chupa yenye kifuniko cha kitambaa, "ni hawa tu."

Ndani ya chupa walitambaa kupe wachache, wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, wamevimba kama kunde zilizolowekwa. Ng'ombe wa majaribio waliyemnyonya alikuwa amesharudishwa malishoni apumzike. Na walioshiba hawangoji. Siku zikisonga wanaingia kwenye kutaga, na zile seli zinakuwa zimebadilika. Ilibidi wafunguliwe kesho, na swali lilikuwa na nani.

"Ningeweza kuwafungua mwenyewe," Daktari akasema polepole. "Kati ya watano naharibu watatu, lakini najua koo liko wapi."

Hapo mtu mwingine angeomba radhi mara tatu, akachukua mfuko wake na kwenda kwa shemeji kuuza chaja. Fundi alivuta kiti, akakaa, akawasha taa.

"Kosa nimeliona," akasema. "Naomba hao wenye njaa. Nikikuonyesha ubongo wenye koo lake, mzima, kabla hujaondoka leo, kesho nipe walioshiba."

"Na usiponionyesha?"

"Nitazima taa mwenyewe na kufunga mlango."

Daktari akainuka. Akaweka kisahani cha nta mbele yake.

Kukata neva ilikuwa kitu kimoja. Kukata koo mbele na nyuma bila kulivuta hata kidogo ilikuwa kitu kingine, kwa maana koo lile lilikuwa laini na linateleza, na kila mkasi ulipoligusa lilitaka kwenda nao. Wa kwanza likakatikia ndani. Wa pili likavutika kidogo, na Fundi akamweka kando kabla hajaambiwa. Kwa wa tatu aliacha mkasi, akachukua vipande viwili vya wembe, kimoja akakilaza chini ya koo kama ubao wa jikoni, kingine akakishusha juu yake, moja kwa moja, bila kusaga. Tap. Mbele. Tap. Nyuma. Akamwita Daktari.

Daktari alitazama kwa muda mrefu sana. "Kesho uje mapema," akasema, akavaa buti zake.

Nyumbani shemeji alikuwapo, na sahani yake. "Vipi, Daktari wa Kupe? Wagonjwa wanaendeleaje?"

"Niliwaua," Fundi akasema, "kwa usafi." Akasimulia yote, bila kujificha. Shemeji alicheka, mke akacheka, na Fundi mwenyewe alipofika kwenye "nimewasafisha mmoja mmoja" akavunjika mbavu.

Mke ndiye aliyeacha kucheka kwanza. "Kesho wakiharibika?"

"Nitakuwa nimeshindwa, na kibanda nitakifungua tena nibadilishe betri."

"Na unaonaje?"

Fundi akanyoosha mkono juu ya meza, vidole vimetanuka. Wote watatu waliutazama. Ulitulia kama umechongwa.

"Naona nitakula zaidi," akasema. "Niongezee."

Asubuhi ile chumba kirefu kilikuwa na mwanga mzuri. Daktari aliketi upande wa kulia, bomba dogo la maji ya chumvi mkononi. Bi Zambarau alizima redio yake, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya wageni wakubwa.

Kupe wa kwanza alipasuka, maana hawa walivimba kuliko wale wa mwanzo. Wembe uligusa tu ukingo wa mgongo, pwaa! Damu nyeusi ikajaa kisahani chote. Hakuna kilichoonekana, na walipomaliza kusafisha, ubongo ulikuwa umepondwa na utumbo uliofyatuka.

"Ndivyo wanavyoniharibikia mimi," Daktari akasema kwa sauti ndogo.

Fundi aliinua wembe, akaacha mikono yake hewani, anafikiri. Kisha akageuka.

"Daktari, saa ya kamani, ile yenye utepe wa nguvu unaojazwa kwa mkono, ikija mezani ikiwa imejazwa, huifungui hivyohivyo. Ukilegeza skrubu kamani inafyatuka, magurudumu yote yanaruka. Kwanza unaiachia nguvu yake, taratibu, mpaka iishe. Ndipo unafungua. Huyu naye amejazwa. Nikimtoboa nyuma kabisa, huku mbali na ubongo, nikamwachia atoke damu kidogo kidogo, nitaiharibu hiyo saa yake?"

Daktari akakunja uso, akihesabu mambo kichwani. "Ukichelewa, ndiyo, seli zinaweza kuanza kumwaga zilichonacho. Lazima iwe haraka, na maji yawe ya baridi. Bi Zambarau, niletee yale ya kwenye jokofu. Mimi nabadilisha maji, wewe usiondoe macho."

"Siondoi."

Kupe wa pili. Tundu dogo nyuma, kama la sindano. Damu ikatoka kama moshi, ikizunguka ndani ya maji, na Daktari akaifyonza na kumwaga maji safi, akaifyonza tena. Kupe akanywea taratibu. Fundi akakata ukingo. Gamba likainuka. Utumbo ukabaki umelala kimya kama nguo iliyovuliwa. Mirija ya fedha, kando. Na ule ubongo mweupe ukaonekana, na koo likiingia huku na kutokea kule.

Wembe chini. Wembe juu. Tap. Tap. Bi Zambarau akasahau kupumua mpaka akalazimika kukaa.

Ubongo ukaingia kwenye dawa ya manjano na koo lake lote. Halafu wa tatu. Wa nne neva moja ya mguu ilikatika karibu mno, Daktari akasema si kitu. Wa tano akatoka mzuri kuliko wote. Fundi alipoweka kibano chini, ndipo alipogundua kwamba shati lake limelowa jasho mgongoni, kama mtu aliyekuwa analima.

Kungoja nta na rangi kulimchosha kuliko kazi yenyewe. Alisafisha kila kitu chumbani. Alisafisha hata gurudumu la mashine ya kukatia, mpaka Bi Zambarau akamfukuza. "Kaka, ukigusa rangi yangu tutakosana. Kaa."

Safari hii Daktari hakukaa yeye kwanza kwenye hadubini. Alimpisha Fundi.

Aliweka macho. Ubongo ulikuwa kamili, na katikati yake duara la koo, nadhifu kama tundu la ekseli. Kuzunguka ukingo seli zilipangana, nyingi zikiwa na rangi hafifu. Lakini hapa na pale, mbilimbili, tatutatu, zilikaa seli kubwa zenye punje za zambarau iliyokoza, kama chupa za wino zilizoachwa wazi. Nyingine zilikuwa zimejaa hadi shingoni. Nyingine zilikuwa karibu tupu. Akasogeza kioo polepole. Mkia mmoja wa zambarau ulitoka kwenye seli yake, ukapita katikati ya ubongo, ukaelekea nyuma, na pale juu ya koo ukaishia kwenye vitone vidogo vidogo, vimetapakaa.

"Ndiyo hapo zinapomwagia?" akauliza bila kuondoa macho.

"Ndiyo hapo."

"Nilikuwa naitupa hii." Sauti yake ilishuka, si kwa huzuni, kwa mshangao. "Nilikuwa naitupa, na ndiyo yenyewe."

"Na hizi zilizo karibu tupu," Daktari akaanza, halafu akajizuia, akafumba kinywa kwa mkono. "Hapana. Sisemi neno mpaka nimezihesabu zote, wenye njaa na walioshiba. Nikisema sasa nitajidanganya." Lakini macho yake yalikuwa yanacheka, na alikuwa ameshika bega la Fundi bila kujua. "Wakubwa watakuja kuona baada ya chakula cha mchana. Nitawaambia kiti hiki kina mwenyewe."

"Waambie pia ni kifupi," Fundi akasema. "Shingo inaniuma. Na hiyo taa ihamie kushoto, inanipiga kivuli."

Bi Zambarau akapiga kelele za kicheko. "Huyo! Ameshaanza kudai!"

"Nitakutafutia kiti kirefu," Daktari akasema. Akasita, akaenda kwenye rafu ya juu, akateremsha kichupa ambacho ndani yake palionekana kama mtu amemwaga pilipili manga ya unga. Unga ule ulikuwa unatembea. "Hawa ni wachanga. Ndio kwanza wameanguliwa, wana miguu sita tu. Hakuna hapa aliyewahi kujaribu kuwafungua."

Fundi alikipokea kichupa, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akafumba jicho moja. Punje mojawapo ilipanda ukuta wa kioo, ikasimama mbele ya pua yake, ikanyoosha miguu ya mbele kama inayopunga.

"Na hawa wana ubongo?"

"Wanao."

"Na koo linapita katikati?"

"Vilevile."

Fundi Saa akavaa lenzi yake jichoni, akavuta kisahani cha nta karibu. "Mwache mmoja hapa mezani," akasema, "nimzoee kwanza."